Uliyenitoa Ndani kwa Toroli

Minza, mke mwenzangu,

Marahaba. Najibu kabla hujaniamkia, maana nakujua: ukiona karatasi ya bibi utaanza kuisoma umesimama, adabu umeiacha mlangoni. Kaa chini. Kunywa hayo maziwa kwenye kikombe cha bati, nimeyafunika kwa sahani. Ukimaliza ndipo uendelee.

Nakuandikia alasiri, nimekaa uani kwenye kigoda, jua linanipiga mgongoni. Wewe umekwenda Mhunze kukata tiketi na kumuaga yule fundi wako wa kuchomelea. Usicheke mwandiko. Shule yangu ni kisomo cha watu wazima. Tulikuwa tunasomea ndani ya ghala la pamba, mama yako nimembeba mgongoni, na mwalimu mwenyewe alikuwa mtoto hata ndevu hana. Nilijifunza kuandika barua na kusoma mizani nisiibiwe pamba yangu. Vilinitosha. Herufi zikienda upande kama mbuzi wa jirani yetu Mama Shija, wewe zifuate tu, zitafika.

Sikuandikii habari za kufua, wala za kufunga mlango, wala za kuchagua marafiki. Kumfundisha kufua mtu aliyenifulia mashuka ya ugonjwa ni kumtukana. Nataka kukuambia makosa yangu, uyajue yote, mengine ulikuwa unayakisia tu. Halafu liko jambo la Jumanne, ambalo hulijui kabisa. Hilo nitalisema mwisho, na usirukie ukurasa wa mwisho.

Kesho asubuhi basi la Geita linapita. Chuo wamekuambia hii ya tatu ndiyo nafasi ya mwisho. Mbili umeziacha zikapita kwa ajili ya nyonga yangu iliyovunjika. Na mwaka huu barua yao ilipokuja ulisema mbele ya Mama Shija, nami nasikia: "Siendi popote mpaka bibi afike barabarani kwa miguu yake." Basi hilo la Jumanne linaihusu miguu hiyo.

Wewe umenijua nikiwa nimepinda. Hukunijua nikiwa mti.

Babu yako aliponipeleka machimboni kule Geita, mashine za kusaga mawe hazikuwepo. Mashine tulikuwa sisi wanawake. Unakaa chini, unabana kinu cha chuma kwa miguu, unaponda mawe kwa mchi uliokatwa kwenye ekseli ya lori, mpaka jiwe linakuwa unga. Nilibeba kiroba cha mawe kichwani, ndoo mkononi, mjomba wako tumboni, na bado nikipita wanaume walisema, "Huyu mke wa Msukuma kapikwa na nini?" Nilikuwa nasikia. Nilikuwa natembea polepole ili nisikie vizuri.

Siku ile hospitalini nilimwambia daktari, "Kazi ile ya mawe ndiyo iliyonimaliza." Akakataa. Akasema, "Hapana bibi. Mfupa wa kijana unapenda kazi, unapenda mzigo. Ndiyo iliyokupa nguvu ukafika hapa." Nikamuuliza, "Sasa nini kimenivunja?" Akaniuliza nilikuwa nakula nini. Nikahesabu milo yangu kichwani, Minza, nikaona aibu. Maana nilifanya kazi ya punda kwa chakula cha ndege.

Kwetu tulikuwa na ng'ombe. Lakini mama mkwe wangu, Mungu amrehemu na ukali wake, alikuwa na sheria yake: maziwa ni ya baba na ya mgeni, mtindi ni wa wachungaji, samli ni ya kuuza. Mwanamke akikutwa anakunywa maziwa jikoni, alisema, huyo anakunywa heshima ya mumewe. Nikaiamini sheria ile kuliko Amri Kumi. Nimekamua ng'ombe miaka yote hiyo, mikono inanuka maziwa, tumbo halijui ladha yake. Halafu babu yako akashikwa na duara. Duara ndilo shimo lao wachimbaji, unalijua. Ng'ombe wetu waliingia kwenye shimo lile mmoja mmoja, ingawa hakuna hata mmoja aliyetumbukia. Leo auzwe huyu walishwe wachimbaji, kesho yule zinunuliwe nguzo. Dhahabu tuliyoitoa humo ingetosha kuziba jino moja, na si la mbele.

Katikati ya hayo nilizaa saba, nikanyonyesha saba, kwa ugali na chai ya rangi. Yule daktari akaniambia mtoto tumboni haombi, anachota. Mama asipokula, mtoto anachota kwenye mifupa ya mama. Sikuwahi kuambiwa. Nilidhani meno yanayong'oka kila uzazi ni ushuru wa kawaida.

Na kosa jingine, hili sijawahi kumwambia hata mama yako. Niliporudi huku Kishapu, mwili wote uliniuma. Mnadani, pale wanapouza ng'ombe, alikuwepo bwana mmoja mwenye kipaza sauti, anauza vidonge vilivyofungwa kwenye karatasi. "Dawa ya mwili mzima! Mgongo, magoti, uchovu, hamu ya kula!" Nikanunua. Walahi vilifanya kazi. Maumivu yalikimbia kama mwizi. Nikanenepa, uso ukawa mviringo, watu wakasema, "Mama Holo umependeza, umepata wapi neema?" Mimi natabasamu. Nikavila kila mnada, miaka na miaka, bila kuuliza ni vya nini. Daktari alipoiona karatasi moja niliyoihifadhi alitikisa kichwa. Akasema ziko dawa za namna ile hospitalini, zina ugonjwa wake na kipimo chake, na mtu anaangaliwa. Lakini ukizila ovyo kama karanga zinakupa uso wa mviringo huku zinakula mfupa ndani. Umeona nguzo ya nyumba iliyoingiwa na mchwa? Gome zima, limenyooka, linang'aa. Ingiza kisu uone.

Dalili zilikuja, sikusema. Kwanza mkono. Nilijikwaa kwa mbuzi, nikajishika kwa kiganja, kifundo kikavunjika kama bua. Nikasema mbuzi ana nguvu. Halafu likaja lile gauni langu la kanisani, la bluu. Likaanza kuburuta chini. Nikamfuata fundi nguo pale gulioni, nikamfokea mbele ya wateja, "Umenidanganya kipimo!" Masikini yule kijana akalipunguza. Mwaka uliofuata likaburuta tena. Nikamfokea tena. Mara ya tatu aliniangalia kwa adabu, akasema, "Bibi, gauni halikui." Niliondoka kwa hasira, na njiani nikajua. Mimi ndiye niliyekuwa napungua.

Ungekuwa wewe ungekwenda kuuliza. Mimi nilinunua gunia, nikaziba dirisha.

Unajua sababu, ingawa humu ndani hatukuwahi kuitaja. Kwetu huku kikongwe mwenye mgongo uliopinda na macho mekundu husemwa kuwa mchawi. Macho yangu yamekuwa mekundu kwa moshi, nimepikia mabua ya pamba na kinyesi cha ng'ombe tangu nikiwa binti, lakini mdomo wa watu hauulizi moshi. Nilipokuwa mtoto nilimjua bibi mmoja jirani yetu aliyepinda hivi hivi. Walianza kwa kunong'ona. Sitakuandikia waliishiaje, wewe unaondoka kesho na nataka ule ushibe.

Basi nikaona dawa ni kutoonekana. Kisimani nikaacha kwenda, kanisani nikaacha, shambani nikaacha. Nikawa natoka nje jioni tu, kama popo. Nikawa nakaa ndani navuta ugoro, nakunywa chai ya rangi, na ng'ombe wawili tulionao wanakamuliwa maziwa yanakwenda kwa mama wa chai pale barabarani. Nikajiona mjanja, nimewakwepa watu. Kumbe jua linalotakiwa na mfupa nimelifungia nje, miguu nimeilaza, chakula nimekikataa. Niliogopa watu wasije wakanivunja, nikajivunja mwenyewe, chumbani kwangu, nikinyoosha mkono kuchukua kibuyu. Hakukuwa hata na mbuzi wa kumsingizia.

Wewe ndiye uliyenikuta. Mguu mmoja mfupi, umegeukia nje. Ulikuwa umepata barua ya chuo wiki ile ile. Sikumbuki ukilia. Nakumbuka ukivunja mlango wa choo upate ubao wa kunilazia.

Hospitalini wakanitia chuma nyongani. Miaka yote natafuta dhahabu ardhini, mwisho nikalipwa chuma, nacho wakakificha nisikione.

Sasa ngoja nikusifie, na usizoee. Sisi hatusifu mtoto usoni, tunaogopa kumharibu. Lakini karatasi haina uso.

Tuliporudi kutoka hospitali nilikuwa nimeshaamua kufa. Nilikuambia unilaze uso ukiangalia ukuta. Ukanilaza. Kesho yake asubuhi ukaja na toroli, lile la kubebea madumu ya maji. Umelisugua, umetandika blanketi, umeweka mto.

"Bibi, tunatoka."

"Nani kakuambia nataka kutoka?"

"Hospitali wamesema jua na mazoezi."

"Jua linaingia dirishani."

"Dirisha lenyewe umelitia gunia."

"Minza, watu wataniona."

Ukainama, ukaniambia polepole, na mimi neno hilo sitalisahau nikiwa hai: "Bibi, anayejificha ndiye anayesemwa. Wacha wakuone mpaka wakuchoke."

Ukanibeba. Wewe mwenyewe mwembamba kama kijiti cha mswaki, sijui nguvu ulizitoa wapi. Toroli likatoka uani linalia kwi, kwi, kwi, kijiji kizima kisikie. Mama Shija akachungulia juu ya ua wa minyaa. "Heee! Mama Holo kanunua gari!"

Nilitaka ardhi ipasuke. Wewe ukajibu, "Ndiyo mama, na dereva ni mimi. Nauli ni majani ya kunde!" Akacheka mpaka akashika kiuno, na kesho yake akaleta majani ya kunde. Keshokutwa akaleta tena. Mwanamke yule nilikuwa sijasema naye tangu mbuzi wake anivunje mkono.

Na pale kijiweni kwa vijana wa bodaboda. Mmoja alisema, si kwa sauti kubwa lakini masikio yangu hayajapinda, "Bibi mwenyewe macho hayo, anapelekwa wapi?" Wewe ukasimamisha toroli katikati ya njia. Ukamwambia, "Yamekuwa mekundu kwa moshi wa jiko lililompikia uji bibi yako alipokuwa hoi. Nenda kamuulize. Halafu rudi hapa umwamkie." Kijana akabaki ameshika kofia. Wenzake wakamgeuka, "Haya, amkia basi!" Akaja. "Shikamoo bibi." Nikamjibu marahaba kwa sauti ambayo sikujua bado ninayo.

Siku ile ulinirudishia uhai kuliko wale walionitia chuma. Nimeishi na wanaume waliozama kwenye mashimo marefu kwa kamba, wakaitwa mashujaa. Sijaona hata mmoja aliyeweza kusimama njiani hivyo kwa ajili ya kikongwe.

Na dagaa! Nilikuambia mimi ni mtoto wa watu wa ng'ombe, dagaa ni chakula cha kuku. Ukaniwekea sahani mbele, wamekaangwa na karanga, vichwa na miba yote, ukasema, "Basi leo wewe ni kuku. Kula, mifupa inajengwa kwa mifupa." Nikakataa siku mbili. Siku ya tatu nilikula ukiwa huoni, ukahesabu vichwa sahanini ukajua. Ukakatisha maziwa ya mama wa chai, ukasema yeye atafute ng'ombe wake. Kopo langu la ugoro ukalitupa chooni, nikakuita majina ya Kisukuma ambayo sitayaandika hapa kwa sababu karatasi hii italala kwenye begi moja na rozari yako. Ulinijibu, "Tukana bibi, mapafu nayo yafanye mazoezi."

Lakini kilichonishangaza kuliko vyote ni yale mabomba. Tairi la toroli lilipopasuka uliliziba kwa kipande cha kandambili, nikasema hii mikono ya babu yake. Halafu ukaanza kwenda kwa yule fundi wa kuchomelea. Ukamfagilia karakana, ukamshikia vyuma, mpaka akakufundisha. Siku moja ukarudi na mabomba ya chuma, ukachimba, ukayasimika: moja mlangoni, moja njiani, mawili chooni. Nishike nikitembea. Mabomba yenyewe mishono yake mibaya, moja limeinama. Kila asubuhi nalishika hilo lililoinama, napanda visigino nashuka, napanda nashuka, unanihesabia kama mwalimu wa gwaride. Kutoka toroli mpaka kiti, kutoka kiti mpaka bomba, kutoka bomba mpaka fimbo. Ndipo uliposema chuoni utasomea ufundi wa mitambo, yale magari makubwa ya migodini. Watu walicheka, "Msichana?" Mimi sikucheka. Mtu aliyenitengeneza mimi atashindwa lori?

Ila nina hofu moja na Geita, na si wanaume. Wanaume nimekwambia tangu ukiwa mdogo.

Daktari alisema mifupa yetu hii hutembea kwenye ukoo. Mama yangu alipinda, nimepinda, mama yako kule Ushirombo nimemwona ameanza kushika kiuno. Wewe ndiwe unayefuata kwenye foleni. Lakini alisema jambo moja nililolielewa bila mtafsiri, maana alilisema kikwetu: mifupa ni kama kihenge cha mtama. Ujanani unajaza. Ukishafika umri wa mama mwenye watoto wakubwa hujazi tena, unachota tu, na damu ya mwezi ikikoma unachota kwa ndoo. Aliyejaza vizuri anafika uzeeni kihenge kina kitu. Mimi nilichota nisichokijaza. Wewe bado uko kwenye mavuno, mwanangu. Miaka hii hii, ukiwa kwenye ovaroli, ndiyo ya kujaza.

Nimesikia wasichana wa mjini siku hizi wanakula vidonge vya kunenepa, wapate makalio na mashavu. Minza. Uso wa mviringo nimekuwa nao. Ulisifiwa sana. Mwenzako akikuletea kidonge kwenye karatasi, hata akiapa, kumbuka bibi yako kwenye toroli. Na usije ukawa wa soda na andazi kutwa nzima kwa sababu uko kazini na wanaume hawali. Wao wana miili yao. Kule dagaa wa ziwani wako tele, wanadharauliwa kama nilivyowadharau mimi. Wewe wale na vichwa vyao. Wakikuita kuku, watagie yai.

Haya. Jumanne.

Ulikuwa umekwenda Shinyanga kupima afya kwa ajili ya fomu ya chuo. Nilitoka chumbani kwenda kuchukua maziwa. Pale kizingitini alikuwepo nani? Mbuzi wa Mama Shija. Nikaanguka.

Nilianguka kweli, mwili mzima, puu. Nikabaki chali naangalia mabati. Wazo la kwanza halikuwa nyonga. Wazo la kwanza lilikuwa: basi limekwenda, na mtoto wangu hayumo. La pili, na naliandika kwa aibu, lilikuwa: asijue.

Kisha nikasikia sauti yako, ile ya kuudhi ya kila asubuhi. "Bibi, ukianguka usikurupuke. Sikiliza mwili. Geuka ubavu. Piga magoti. Shika kitu." Nikasikiliza mwili: unauma, lakini haujakatika. Nikageuka ubavu. Nikapiga magoti kama niko kanisani. Nikashika bomba lako, lile lililoinama. Kumbe limeinama mahali panapostahili, mkono wa mtu aliye chini unalifikia. Nikasimama.

Mama Shija alisikia kishindo akaja mbio, akanikuta nimesimama najikung'uta vumbi.

"Nani kakuinua?"

"Unamwona nani hapa?"

Akaweka mikono kichwani. Nikamwambia, "Minza asijue. Akijua haendi." Unajua alinijibu nini? "Unaficha tena, Mama Holo? Hebu niite na fundi nguo umfokee." Nilimwita shetani. Lakini alikuwa na haki.

Akaniita bodaboda, akapanda nyuma yangu akanibana kama gunia, tukaenda hospitali ya wilaya. Dereva ni yule yule kijana aliyeyasema macho yangu. Aliendesha polepole mpaka kuku wakatupita. Wakanipiga picha. Hakuna mfupa uliovunjika, na kile chuma kimekaa mahali pake. Pajani kuna bonge jeusi kama biringanya, nitakuonyesha ukitaka. Daktari akauliza niliinukaje, nikamwonyesha pale pale sakafuni. Akaita wauguzi waje waone. Akasema niendelee na yote, maziwa, dagaa, jua, mabomba, na mbuzi afungwe.

Sasa uko hapo, barua mkononi, na najua akili yako inakwenda wapi. Kwamba bibi ameanguka, ataanguka tena, nibaki.

Nitaanguka tena, inawezekana. Mimi ni mzee, ardhi ni jirani yangu wa karibu. Siwezi kukuahidi mifupa. Mama Shija atalala kwangu, ameshaleta mkeka na maneno yake mengi, na mbuzi amemfunga. Zaidi ya hapo sina dhamana.

Barua hii nilikusudia kuitia katikati ya nguo zako, uisome basi likiwa limeshapita Kahama, usiweze kurudi. Ndiyo akili yangu ya zamani, ya gunia dirishani. Nimeikataa. Uisome hapa, ukiwa bado na hiari, uamue ukiwa umejua. Lakini katika kuamua kwako liweke na hili kwenye mizani: siku ile nilivunjika ukiwa ndani ya nyumba hii, kwa sababu nilikuwa nimejificha. Jumanne nilisimama ukiwa mbali, kwa sababu ulikuwa umenifundisha. Kazi yako hapa imekwisha, fundi. Mashine inawaka. Fundi hakai na mashine iliyopona.

Basi. Mkono umechoka, na nakusikia unakuja, unaimba vibaya kama kawaida. Naificha karatasi hii chini ya kanga mpaka asubuhi, na hicho ndicho kificho changu cha mwisho.

Ukiwa unasoma hapa, usinitafute chumbani. Simo. Nimetoka kulipopambazuka, nimevaa gauni la bluu, nimeukunja upindo mwenyewe. Mama Shija yuko nyuma yangu na nimemkataza kunishika. Nitapumzika kwenye ukuta wa duka, nitapumzika tena pale kijiweni niamkiwe, halafu nitamaliza. Usikimbie kunifuata, nataka nifike kabla yako.

Utanikuta barabarani nimesimama juani, nimepinda, nasubiri kukupungia mkono. Niamkie kwa sauti, watu wasikie.

Begi lako beba mwenyewe. Toroli liache nyumbani.

Bibi yako,
Mama Holo